Msimhukumu Mangungo kabla ya kuusoma mkataba wake

Kila mjadala wa mkataba mkubwa unapozuka nchini, uwe wa madini, wa bandari au wa ardhi, jina la Mangungo hufufuliwa. Mwanasiasa hulitaja jukwaani, msomaji huliandika gazetini, na ndani ya daladala abiria humalizana nalo: "Hawa nao ni akina Mangungo tu." Mtu aliyekuwa mkuu wa Msovero, katika Wilaya ya Kilosa ya leo mkoani Morogoro, amegeuzwa tusi. Ukimuuliza anayelitumia tusi hilo maana yake, atakwambia bila kusita kwamba ni yule chifu aliyeuza Tanganyika kwa shanga na pombe kwa kuwa hakujua kusoma.

Swali ninalopenda kuuliza baada ya hapo ni dogo: huo mkataba umewahi kuusoma? Nimewauliza walimu, wanasheria, vijana waliomaliza kidato cha sita na wazazi wao. Wengi hutazama kando. Hukumu wanayo, tena ya uhakika, lakini hati yenyewe hawajawahi kuiona, ingawa ni fupi kiasi cha kuenea ukurasa mmoja wa daftari.

Msimamo wangu ni huu. Mtoto ambaye hajawahi kuwekewa mezani nyaraka za wakati uliopita, akazisoma, akazipambanisha na kuziandikia insha yake mwenyewe, huyo hajasoma historia. Amekaririshwa hukumu za watu wengine. Na gharama ya kukariri huko hailipwi darasani. Inalipwa nyumbani, siku familia inapoletewa karatasi ya kutia saini.

Hoja sita na vema sita

Wanafunzi wetu hufundishwa mapema kwamba insha ya historia ina umbo moja: utangulizi, hoja sita, hitimisho. Swali likiuliza sababu za Wajerumani kufanikiwa kuitawala nchi hii, yapo madesa yenye sababu sita. Likiuliza athari, zipo athari sita. Mwanafunzi hodari ni yule anayezimwaga zote bila kuruka hata moja. Mwalimu anaweka vema sita kwa wino mwekundu, na habari inaishia hapo. Hakuna aliyeuliza sababu hizo zilijulikanaje, nani alizisema kwanza, wala kama yupo mtu wa zama zile aliyesema vinginevyo.

Sidharau kukumbuka. Asiyejua kwamba Mkutano wa Berlin kuhusu kugawana Afrika ulianza Novemba 1884 na kufungwa Februari 26, 1885 hawezi kuelewa kwa nini Mjerumani Carl Peters, aliyefunga mkataba na Mangungo, alikuwa na haraka kiasi kile alipokuwa akizunguka Usagara, eneo lenye Msovero ndani yake. Tarehe, majina na mahali ni lazima viwepo kichwani. Lakini hivyo ni mtaji tu. Mtu mwenye mtaji ambaye hajawahi kufanya biashara humwiti mfanyabiashara.

Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Hii ni neema ambayo vizazi vilivyotangulia havikuipata sekondari. Mtoto hana tena kisingizio cha lugha. Je, tutamkaririsha hoja zilezile sita, safari hii kwa Kiswahili, au tutampa hati aifungue mwenyewe?

Karatasi ya Novemba 29, 1884

Tuichukue hati yenyewe tuone ina nini. Iliandikwa kwa Kijerumani na ina tarehe ya Novemba 29, 1884. Upande mmoja yupo Mangungo, anayeitwa humo Sultani wa Msovero. Upande wa pili yupo Dk. Carl Peters, kijana wa miaka 28, mwakilishi wa jumuiya iliyoundwa Ujerumani kwa ajili ya kutafuta makoloni. Inaanza kwa kutangaza urafiki wa milele kati yao. Kisha inasema kwamba Mangungo anamkabidhi Peters eneo lote la Msovero na haki zake zote, kwa wakati wote, litumike kwa ukoloni wa Kijerumani. Peters naye anaahidi kwamba Usagara itakapofanywa koloni, Msovero itaangaliwa kwa namna ya pekee. Kama mkuu aitwaye Mwenyi Sagara ana mamlaka ya juu katika eneo hilo, inasema, mamlaka hayo hayaguswi. Inaeleza kwamba mkalimani aitwaye Ramazan alimfafanulia Mangungo mambo yote kwa uwazi, na kwamba taratibu za Usagara zilifuatwa. Halafu, mwishoni, linakuja jambo linalomfanya msomaji makini asimame: eti Mangungo, alipoulizwa moja kwa moja, alisema hamtegemei Sultani wa Zanzibar kwa lolote, na hata hakujua kama mtu huyo yupo.

Mwachie mwanafunzi wa kidato cha pili karatasi hii kwa kipindi kimoja, umwambie aandike anachokiona na kinachomshangaza. Kwanza ataona kwamba Tanganyika haimo. Haiwezi kuwemo, maana nchi hii ilipewa jina hilo mwaka 1920, chini ya Waingereza. Kinachotajwa ni Msovero, eneo moja ndani ya Usagara. Ataona tena kwamba hata Peters hakuwa na hakika kama Mangungo ndiye mwenye neno la mwisho hapo, ndiyo maana akamtaja Mwenyi Sagara. Sasa yule muuza nchi tunayemtukana kwenye daladala yuko wapi katika karatasi hii?

Ataona pia kwamba Mangungo, kwa maandishi hayo, hakupewa kitu cha kushikika. Alipewa ahadi ya kukumbukwa. Na akiwa mtoto mwenye jicho kali atauliza: kwa nini karatasi ijisumbue kusema kwamba mambo yalielezwa kwa uwazi? Mangungo alikuwepo, alijua mwenyewe kama ameelewa au hakuelewa. Nani basi alihitaji kuhakikishiwa?

Tuje kwenye habari ya Sultani. Usagara ilikuwa kwenye njia kuu ya misafara kati ya pwani na Tabora. Nguo na pembe za ndovu zilipita huko kwa miongo mingi, na watu waliofungwa minyororo pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Sultani Barghash bin Said aliweka kituo cha askari wake Mamboya, hukohuko Usagara. Mkuu wa sehemu ya Usagara asijue kwamba Zanzibar kuna Sultani? Hapa ndipo mwanafunzi anapogundua kwamba karatasi yenye tarehe, alama na mashahidi inaweza kubeba maneno yasiyoingia akilini.

Mwamba ngoma huvutia kwake

Wahenga walishatuachia kanuni ya kwanza ya kusoma nyaraka: mwamba ngoma huvutia kwake. Kila aliyeshika kalamu alikuwa anavuta ngozi upande fulani. Kazi ya mwanafunzi ni kuujua upande huo.

Weka kando ya mkataba ule hati ya pili, yaani Barua ya Ulinzi aliyoitia saini Kaisari Wilhelm wa Kwanza Februari 27, 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa. Barua hiyo inaipa jumuiya ya Peters ulinzi wa dola juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Inayaelezaje maeneo hayo? Inasema yako magharibi ya milki ya Sultani wa Zanzibar, nje ya mamlaka ya mataifa mengine. Sasa rudi kwenye sentensi ile ya Msovero, ya mtu asiyejua kama Sultani yupo. Unaona ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya nani? Msomaji aliyekusudiwa hakuwa Mangungo. Alikuwa Berlin, kwenye meza ambako ardhi isiyo chini ya Sultani ilikuwa na thamani na ardhi iliyo chini yake ilikuwa na mgogoro.

Nyaraka mbili zikiwekwa pamoja zinasema jambo ambalo hakuna hata moja kati yake iliyotaka kulisema. Raha ya historia iko hapo, na nasikitika kwamba watoto wengi wanamaliza shule bila kuionja.

Ipo ya tatu. Mwaka 1906 Peters alichapisha kitabu chake kuhusu kuanzishwa kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Anasimulia bila aibu namna walivyofanya kazi: kupiga kambi karibu na kwa mkuu, kunywa naye, kugawa zawadi, kutweka bendera, kusoma maneno ya Kijerumani, kumshangilia Kaisari, kisha kufyatua bunduki mara tatu ili wenyeji waone yatakayompata atakayevunja ahadi. Anasimulia pia kwamba na baadhi ya wakuu walichanjiana undugu. Ushahidi huu una uzito kwa sababu unatoka kwa mtendaji mwenyewe. Lakini ngoma inavutwa hapa pia. Aliandika zaidi ya miaka 20 baada ya tukio, akiwa tayari amefukuzwa utumishi wa dola mwaka 1897 kwa sababu ya kuwanyonga Waafrika kule Kilimanjaro. Alikuwa na haja kubwa ya kuonekana shujaa. Tuamini lipi? Labda zile bunduki, kwa kuwa anazitaja kwa kujivuna. Dharau yake kwa wakuu wa Usagara tuisome kama habari zake yeye, si habari zao.

Ya nne ni malalamiko ya Sultani Barghash, aliyempelekea Kaisari simu ya maandishi mwaka 1885 akidai kwamba maeneo hayo ni yake na kwamba wakuu wa huko hawakuwa na mamlaka ya kuyatoa. Hapa mwanafunzi wetu atashawishika kusema: huyu ni wa upande wetu, tumwamini. Asifanye haraka. Barghash naye alikuwa mfalme mwenye himaya ya kulinda, na nguvu zake bara zilikuwa nyembamba kuliko alivyodai. Mwezi Agosti mwaka uleule manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake, naye akalazimika kukubali. Kuonewa kwake hakufanyi kila alichodai kiwe kweli.

Na Mangungo mwenyewe? Katika nyaraka hizi zote ana alama moja tu aliyoiweka kwenye karatasi isiyo ya lugha yake. Insha nzuri haiuzibi ukimya huo kwa matusi. Inausema waziwazi.

Kupanga kabla ya kushika kalamu

Watu wengi hudhani insha inaanza na sentensi ya kwanza. Insha ya nyaraka inaanza na swali, na swali bovu huzaa insha mbovu hata kama mwandishi ana kipaji. "Eleza mkataba wa Mangungo" si swali, ni mwaliko wa kumwaga kila kitu. "Je, Mangungo aliuza nchi?" ni bora, maana linamlazimisha mwandishi kuchukua upande. Bora zaidi ni hili: "Mkataba wa Msovero unathibitisha nini kuhusu Mangungo, na unathibitisha nini kuhusu Peters?" Swali la namna hiyo linabeba mpango wa insha nzima tumboni mwake.

Baada ya swali zije kurasa za maandalizi, zile ambazo wanafunzi wetu huziona kama kupoteza muda. Kwa kila hati, mwanafunzi aandike kwa maneno yake nani aliandika, lini, kwa ajili ya nani, alitaka nini kitokee baada ya kusomwa, na nini hakusema. Kisha azipange hati kwa yale zinayokubaliana na yale zinayopingana, asizipange kwa mfuatano aliopewa. Kosa ninaloliona mara nyingi kwa vijana wanaojaribu kazi hii ni kuandika aya moja kwa kila hati: hati ya kwanza inasema hivi, ya pili inasema vile. Hiyo ni orodha ya mashahidi bila kesi. Aya inapaswa kuwa na dai lake, halafu hati ziitwe moja baada ya nyingine kutoa ushahidi juu ya dai hilo, hata kama hati moja itaitwa katika aya tatu.

Linganisha sentensi hizi. Mmoja anaandika: "Hati ya kwanza inaonyesha kwamba Mangungo alidanganywa na Carl Peters." Mwingine anaandika: "Kipengele kinachodai Mangungo hakumjua Sultani wa Zanzibar kinafaa zaidi kwa mahitaji ya Berlin kuliko kwa maisha ya Usagara, eneo lililokuwa na askari wa Barghash, kwa hiyo mkataba huu ni ushahidi dhaifu wa mawazo ya Mangungo na ushahidi mzito wa mipango ya Peters." Wa kwanza amerudia alichoambiwa. Wa pili ametumia kipengele mahususi, amekipima kwa jambo la nje ya hati, na amefikia uamuzi wenye mipaka. Ukimwambia athibitishe, ana pa kushika.

Dai kuu la insha liandikwe kwa sentensi moja kabla ya rasimu. Likishindikana kuandikika kwa sentensi moja, bado halijaiva. Kisha, na hapa ndipo waoga wanapotambulika, mwandishi atafute ushahidi unaompinga. Kama anasema Mangungo alidhani anafunga urafiki na mgeni mwenye bunduki, wala hatoi ardhi, basi akubali kwamba hakuna hati inayosema hivyo moja kwa moja. Ana madokezo tu: urafiki wa milele unaotajwa mwanzoni mwa mkataba, ule undugu wa kuchanjiana anaousimulia Peters, na hali ya mkuu aliyeishi karibu na njia ya misafara. Dokezo liitwe dokezo. Mwanafunzi anayejua kutofautisha "hati inasema", "hati inaashiria" na "mimi nakisia" amejifunza kitu kitakachomfaa maisha yake yote.

Karatasi za nyumbani

Kwa nini nalisemea hili kwenye gazeti la mwisho wa wiki badala ya kuwaachia wataalamu wa mitaala? Kwa sababu nyumba zetu zimejaa mikataba ya Msovero.

Mzee anauza nusu ya shamba ili alipie matibabu. Karatasi inaandikwa na mnunuzi, mashahidi wanaletwa na mnunuzi, mipaka inatajwa kwa mwembe ambao mwakani utakatwa. Mwishoni kuna mstari: muuzaji amesomewa na ameelewa. Mzee anabonyeza dole gumba. Miaka inapita, watoto wanakutana kwenye baraza la ardhi, na baraza linasoma karatasi kama ilivyo. Mama mjasiriamali anachukua mkopo wa haraka, anaonyeshwa mstari wa kiasi atakachopewa, ila mstari wa adhabu ya kuchelewa uko upande wa pili wa karatasi, na dhamana ni friji na kitanda. Mpangaji anasaini mkataba wa nyumba ambao kodi yake inaweza kupanda muda wowote mwenye nyumba atakapoona inafaa. Katika familia hizo zote yupo kijana aliyemaliza kidato cha nne, tena pengine aliyefaulu historia. Alikaririshwa kwamba Mangungo alikuwa mjinga, na sasa amesimama kando ya baba yake asijue aulize nini.

Laiti angefundishwa kuuliza yale maswali ya Msovero! Nani ameandika karatasi hii? Kwa nini inasisitiza kwamba tumeelewa? Mashahidi ni wa nani? Nini kilichoahidiwa mdomoni hakimo humu? Kuna karatasi nyingine ya kuilinganisha nayo? Mali bila daftari hupotea bila habari, tunaambiwa. Lakini mali hupotea hata ikiwa na daftari, kama anayelisoma daftari ni mtu mmoja tu, yule aliyeliandika.

Na si karatasi pekee. Simu zetu kila asubuhi zinaleta ujumbe usio na jina la mwandishi wala tarehe, unaodai serikali imetangaza hili au dawa fulani inaponya lile. Shangazi anausambaza kwenye kundi la familia kwa nia njema kabisa. Mtoto aliyezoea kuanza na "nani aliandika, lini, kwa ajili ya nani" anaweza kumshika mkono kwa heshima: shangazi, hii imetoka wapi?

Walimu watauliza vitabu viko wapi

Najua pingamizi litakalokuja. Darasa lina wanafunzi wengi kupita kiasi, nyaraka ziko kwenye hifadhi za Dar es Salaam, Zanzibar na Ujerumani, na kusahihisha insha za namna hii kunachosha. Yote ni kweli. Mwalimu mwenye madaftari mia mezani hastahili kuongezewa lawama.

Lakini kazi hii haihitaji kila mtoto asafiri kwenda kwenye hifadhi ya nyaraka. Mkataba wa Msovero unaenea ubaoni. Barua ya Kaisari inaweza kufupishwa kwa mistari michache. Wanafunzi wakae vikundi, kila kikundi kishike hati yake, wabishane kwa sauti, kisha waandike insha moja kwa muhula badala ya kumi za kunakili. Hata kijiji kina nyaraka zake: daftari la ushirika la zamani, stakabadhi za pamba, vyeti vya ubatizo, barua za babu aliyekwenda kufanya kazi kwenye mkonge. Wazee nao wapo, na masimulizi yao yapimwe kwa maswali yaleyale, kwa adabu ileile.

Wanaoweza kulibadilisha jambo hili haraka kuliko wote ni watunga mitihani. Mwalimu hufundisha kinachopimwa, na hatuwezi kumlaumu kwa hilo. Kwa hiyo ombi langu ni kwao. Kila mtihani wa historia wa kidato cha nne uwe na hati moja au mbili ambazo mtahiniwa hajawahi kuziona, na swali moja la insha linalozitegemea, lenye alama nyingi kiasi kwamba hakuna shule itakayoweza kulipuuza. Na aliye mzazi, jioni ya leo mwombe mwanao akueleze mkataba wa Msovero unasema nini. Akianza na "Mangungo alidanganywa", mwulize amejuaje.